Mnunuzi wa Pwani na Viwanda vya Mbali

Januari 1871 Henry Morton Stanley alishuka Unguja akiwa ametumwa na gazeti la New York Herald kwenda bara kumtafuta David Livingstone. Bunduki na mahema hayakumsumbua sana. Kilichomkosesha usingizi ni shanga. Katika njia aliyokusudia kuishika, sarafu hazikuwa na kazi: chakula cha wapagazi, hongo ya watemi, hata ruhusa ya kuteka maji, vyote vililipwa kwa kitambaa, shanga na waya. Basi akauliza mjini anunue shanga zipi, na kila aliyemuuliza alimpa jibu refu. Nyekundu, samesame, zilipokewa Unyamwezi, na huko nyingine zingekataliwa. Nyeusi, bubu, zilikuwa fedha halali Ugogo, lakini ukiwavuka Wagogo zinageuka mzigo wa bure. Sungomaji, zile kubwa mfano wa yai, zilithaminiwa Ujiji na Uguha ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, kwingine hakuna aliyezitaka. Nyeupe zilifaa Ufipa na sehemu za Usagara na Ugogo, lakini Useguha na Ukonongo zilidharauliwa. Ilimbidi akae chini apige hesabu: siku ngapi atakuwa nchi hii, siku ngapi nchi ile, na kwa kila nchi afunge mzigo wake. Akikosea, watu wake wangekufa njaa huku wamejitwika mali.

Shanga hizo kwa sehemu kubwa zilitoka Venice, kwa mafundi wa kioo ambao hawakuwahi kumwona Mgogo wala Mnyamwezi. Richard Burton, aliyepita njia hiyohiyo kati ya 1857 na 1859, aliandika kwamba zilikuwako aina zinazokaribia 400, na baadhi ya aina zilikuwa na majina matatu au manne. Wasafiri wengi wa Ulaya waliliona jambo hili kama ukaidi wa kitoto: kwa nini mtu aikatae shanga ya buluu aikubali nyekundu, ilhali zote ni kioo? Lakini mtu wa Ulaya wa wakati huohuo asingevaa kofia ya mwaka juzi, na hakuna aliyemwita mtoto. Mgogo alijua anachokitaka, naye alikuwa na uwezo wa kukikataa kingine. Fundi wa Venice ndiye aliyelazimika kufuata.

Joseph Thomson alilipia somo hilo kwa jasho. Mwaka 1883, akiwa njiani kuingia nchi ya Wamaasai, alipofika Taveta ndipo alipoelezwa kwamba shanga zake hazitapokelewa zilivyo. Wamaasai walizipokea zikiwa zimetungwa kwa urefu wao maalumu, si pungufu wala zaidi. Msafara mzima ukasimama. Watu wakaketi chini ya miti ya Taveta wakazifungua na kuzitunga upya, nyuzi 60,000. Ndipo safari ikaendelea.

Nimeanza na shanga kwa sababu zinaonyesha wazi jambo ambalo kwa kitambaa limejificha kidogo. Swali la kama soko la dunia ni moja au kila mahali pana soko lake huulizwa siku hizi kama vile limezaliwa pamoja na makontena na intaneti. Pwani ya Afrika Mashariki limekuwa likijibiwa kwa vitendo kwa muda wa miaka 200, na jibu lake limeandikwa kwenye nguo.

Meli za Salem, bandari ndogo ya Massachusetts huko Marekani, zilianza kuzoea Unguja katika miaka ya 1820. Mwaka 1833 mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, alitia saini mkataba na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja, huko Maskati. Mkataba uliwapa Wamarekani haki ya kufanya biashara katika bandari za Sayyid kwa ushuru wa asilimia 5 ya bidhaa walizoshusha. Mwaka 1837 Richard Waters, kijana wa Salem, akaja Unguja kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake, huku akiendesha biashara yake mwenyewe. Waters alielewa upesi kwamba mlango wa biashara ya Unguja ulikuwa mikononi mwa Jairam Sewji, mfanyabiashara Mhindi wa jamii ya Wabhatia wa Kutch, aliyekodi forodha yote ya Sayyid. Wakapatana. Bidhaa za Waters zilipitia kwa Jairam, na Jairam alizisambaza kwa wafanyabiashara Wahindi, Waarabu na Waswahili waliozipandisha bara.

Bidhaa iliyotawala ilikuwa kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa, chenye rangi ya maziwa yaliyochujuka, kilichofumwa katika viwanda vya Lowell na miji jirani. Pwani wakakiita merikani. Kilipimwa kwa mkono: mikono minne ni shuka, mashuka mawili ni doti, na jora zima lilifungwa kwenye mtumba ambao mpagazi aliubeba begani, frasila mbili, ratili 70. Kufikia katikati ya karne, kutoka Kilwa hadi Ujiji, merikani ilikuwa nguo, ilikuwa mshahara, ilikuwa mahari na ilikuwa sarafu.

Kwa nini merikani, na si kitambaa cha Manchester, mji uliokuwa ukiivisha nusu ya dunia? Waingereza walijiuliza swali hilo kwa uchungu. Vitambaa vyao vilikuwa vya bei nafuu na vyeupe zaidi. Lakini vingi vilijazwa wanga na udongo mweupe ili vionekane vizito, na baada ya kufuliwa mara mbili tatu wanga ulikwisha, kikabaki kitu kama chandarua. Mtu anayevaa nguo moja kwa mwaka mzima, akalala nayo, akabebea mtoto na kufungia nafaka, hadanganyiki mara mbili. Zaidi ya hapo, kitambaa kilikuwa fedha, na fedha inayoyeyuka kwa maji haipokelewi na mtemi. Wauzaji wa Kiingereza waliiga merikani, na bado wanunuzi walizitambua hizo za kuiga na kuzikwepa. Mafundi wa Salem na Lowell hawakuwa na hekima zaidi ya wale wa Manchester. Walichokuwa nacho ni mawakala waliokaa Unguja, waliosikiliza kilichosemwa kwenye maduka ya Wahindi, na walioandika barua nyumbani: upana uwe huu, uzito huu, msituletee ile ya mwaka jana. Mwanahistoria Jeremy Prestholdt, aliyezichambua nyaraka za biashara hiyo, ameonyesha jinsi matakwa ya watu wa Afrika Mashariki yalivyofika hadi kwenye viwanda vya Marekani. Mwaka 1847 Salem yenyewe ilifungua kiwanda kikubwa cha kufuma kwa nguvu ya mvuke, Naumkeag, na Unguja ikawa moja ya masoko ya kitambaa chake.

Pamba iliyofumwa huko ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Ilisokotwa na wasichana wa mashambani waliofanya kazi Lowell kutwa nzima. Ilipofika bara la Afrika ilinunua pembe za ndovu, na mara nyingi ilinunua watu pia, ambao baadhi yao waliishia kwenye mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba, nao wakavishwa merikani ileile. Asizungumze mtu juu ya uhuru wa mnunuzi wa karne ile bila kuikumbuka minyororo iliyokuwa pande zote mbili za biashara hiyo.

Mwaka 1840 Sayyid Said aliamua kwenda sokoni mwenyewe. Meli yake, Sultana, ilitia nanga New York mwezi Aprili ikiongozwa na mjumbe wake, Ahmad bin Naaman, ikiwa na tende, karafuu, pembe, sandarusi na zawadi kwa Rais Martin Van Buren. Iliporudi ilibeba merikani.

Na upande wa pili wa bahari pia kulikuwa na mnunuzi mwenye kuchagua. Pembe zilizotoka Unguja zilikwenda kwa wingi Connecticut, kwenye miji miwili midogo, Deep River na Ivoryton, iliyoishi kwa kuchonga vitana na vipande vya kibodi ya piano. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa laini na rahisi kukatwa. Lakini mama wa nyumba wa Boston alitaka kibodi iwe nyeupe kabisa, kwa hiyo vipande vilivyokwisha kukatwa vilipangwa ndani ya mabanda marefu ya kioo, vikaanikwa juani majuma kwa majuma mpaka umanjano uondoke. Tembo wa Manyema aliuawa, pembe ikatembea miezi kwa mabega ya watu, kisha ikasubiri jua la Connecticut lipendeze sebule ya mtu. Hiyo nayo ni ladha ya mahali.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikata mnyororo huo. Pamba ya kusini haikufika tena viwandani, bei ya merikani ikapanda, na maduka ya Unguja yakajaza nafasi kwa vitambaa vya Kiingereza na vya Kihindi. Vita vilipokwisha Wamarekani walirudi, lakini hawakuikuta Unguja waliyoiacha. Mfereji wa Suez ulifunguliwa mwaka 1869. Mwaka 1872 meli za mvuke za kampuni ya British India zilianza safari za kawaida kati ya Aden na Unguja. Bombay, iliyokuwa na viwanda vya kufuma tangu miaka ya 1850, sasa ilikuwa jirani wa majuma machache.

Bombay iliishinda Salem kwa namna inayostahili kutazamwa. Haikuleta kitu kipya. Iliiga merikani: uzito uleule, rangi ileile ya maziwa, jora lilelile. Hata jina halikubadilika. Mtu wa Tabora katika miaka ya 1880 aliomba merikani akapewa kitambaa kilichofumwa Bombay. Na wenye kuleta walikuwa ndugu na wakwe wa wenye maduka ya Unguja na Bagamoyo, hivyo habari ya kilichokataliwa Tabora ilifika kiwandani kupitia barua za familia, kwa Kigujarati, bila kuzunguka kwa balozi yeyote. Wakati huo meli za Salem zilikuwa zimeacha kuja. Zile chache za Marekani zilizosalia zilitoka bandari nyingine.

Je, mafundi wa kwetu walikuwa wapi? Swali hili huniuma. Mogadishu ilikuwa na wafumaji tangu enzi za Ibn Battuta, ambaye katika karne ya 14 alitaja vitambaa vyake kwamba vilipelekwa hadi Misri. Mfaransa Charles Guillain, aliyeitembelea pwani hiyo katika miaka ya 1840, alikuta merikani imekwisha kuwanyang'anya soko la nje. Unyamwezi nako kulikuwa na watu waliofuma pamba kwa mkono, na nguo zao zilizidi kupungua kadiri misafara ilivyoongezeka. Lakini hawakupotea wote mara moja. Wafumaji wa Benadiri walibakia kwa kufuma futa ambazo hakuna mashine iliyojua kuzipatia, wakinunua nyuzi za kiwandani na kuzifuma kwa mikono. Maskati na Oman walifanya vivyo hivyo: debwani, subaya, sahari, ismaili, nguo zenye milia na pindo za hariri walizovaa waungwana wa pwani na watemi wa bara. Burton ameieleza moja ya nguo za rangi za wakati ule, barsati, kitambaa cha buluu iliyokoza chenye mlia mpana mwekundu uliochukua robo ya upana wake. Mlia ukiwa mwembamba, si barsati. Kiwanda kikubwa kilihitaji kufuma maili za kitambaa kimoja ili kipate faida, na mtu anayetaka mlia wa robo, wa wekundu fulani, hakukipa nafasi hiyo.

Mwaka 1983 mwalimu wa biashara wa Harvard, Theodore Levitt, aliandika makala iliyosomwa sana, akidai kwamba teknolojia imeyasukuma mahitaji ya watu wote yawe mamoja, na kwamba kampuni itakayoshinda ni ile inayouza kitu kilekile kwa njia ileile kila mahali. Wengi walimpinga wakisema tamaduni hazifutiki. Nadhani pande zote mbili zilitazama mahali pasipo. Merikani ilikuwa kitu kilekile kutoka Lowell hadi Ujiji, na papo hapo ilikuwa ya pwani hii kabisa, kwa sababu watu wa huku ndio walioipima, wakaipa kazi ya fedha na kuwakataa walioiiga vibaya. Viwanda vya nguo vimekuwa vya dunia nzima tangu siku meli ya kwanza ya Salem ilipotia nanga. Linalobadilika, na linaloamua nani ananufaika, ni kama neno la mnunuzi linafika kiwandani au linaishia sokoni.

Hakuna mahali neno hilo limefika kwa nguvu kama kwenye kanga.

Masimulizi ya pwani yanasema wanawake wa Unguja na Mombasa walianza kwa kununua leso, vitambaa vya mkononi vilivyochapwa maua, vilivyouzwa vikiwa havijakatwa kutoka kwenye jora. Walikata vipande sita, wakavishona vitatu juu na vitatu chini, wakapata nguo pana ambayo hakuna kiwanda kilichokuwa kimeifikiria. Wenye maduka wakaona, wakaagiza Ulaya ichapwe nzima. Katika robo ya mwisho ya karne ya 19 umbo lake likatulia: pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati, na baadaye jina, yale maandishi yanayokaa chini ya mji, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Huuzwa mbili mbili, doti moja, na mnunuzi ndiye anayezikata na kuzipinda.

Manchester walichapa. Katika mji wa Helmond, Uholanzi, kampuni ya P. F. van Vlissingen, iliyoanzishwa 1846 na inayojulikana leo kwa jina la Vlisco, nayo ilichapa, pamoja na wenzao wa Leiden. Nyumba za biashara za Hamburg, O'Swald na Hansing, zilikuwa na mawakala Unguja. Lakini mchoro na maneno vilitoka huku. Mwenye duka Mhindi aliwasikiliza wateja wake, akachora au akachorewa, akaandika jina, akalipeleka ng'ambo. Duka la Kaderdina Hajee Essak la Mombasa, lililoanza 1887 na ambalo kanga zake zinajulikana kwa alama ya Abdulla, limedumu katika kazi hiyo kizazi baada ya kizazi. Wachongaji wa Helmond walikata kwenye rola zao maneno ya Kiswahili wasiyoyaelewa, kwa sababu kanga isiyo na jina zuri ingebaki rafuni hata kama rangi zake zingemeremeta.

Na mitindo ilikwenda mbio. Mtindo uliokuwa unagombewa kabla ya Idi ungeweza kuwa umechoka kabla ya Idi iliyofuata. Meli ikichelewa, shehena nzima ilifika imekwisha kuzeeka, na hasara ilimwangukia aliyeagiza. Wafanyabiashara wa Ulaya walilalamika kuhusu wanawake wa Unguja. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika biashara hii wenye kuhukumu kizuri na kibaya walikuwa wanawake, ambao wengi wao hawakuwahi kukanyaga melini.

Uzito wa hukumu hiyo unaonekana zaidi ukikumbuka ni akina nani waliokuwa wakinunua. Wanawake watumwa walivaa kaniki, kitambaa cheusi au cha buluu iliyokoza, au merikani ya kawaida. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja, Aprili 1897, maelfu ya watu walianza kujijengea hadhi mpya. Laura Fair, katika utafiti wake juu ya Unguja ya wakati ule, ameonyesha jinsi mavazi yalivyokuwa sehemu ya kazi hiyo. Kaniki iliachwa kama mtu anavyoacha jina la matusi. Mwanamke aliyekuwa mali ya mwenzake jana, leo alisimama mbele ya kaunta akasema hii sitaki, nipe ile. Kampuni ya Uholanzi ilipata faida, ni kweli. Lakini kitu kilichonunuliwa siku ile hakikuwa cha Uholanzi hata kidogo.

Karne ya 20 ilileta Ujapani, nami nitaipita haraka. Mikataba ya bonde la Kongo, ile ya Berlin ya 1885 na ya Saint-Germain ya 1919, ilizizuia serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika kuzipendelea bidhaa za nchi moja kwa ushuru. Kwa hiyo Uingereza haikuweza kuwalinda watu wake wa Manchester. Miaka ya 1930 vitambaa vya Kijapani, merikani ya Kijapani ikiwamo, vilitawala maduka kwa bei ambayo Lancashire haikuikaribia, na sehemu ya pamba ya Uganda ilinunuliwa na makampuni ya Kijapani. Baada ya vita vya pili, kampuni za Osaka zikawa miongoni mwa wachapaji wakubwa wa kanga. Michoro iliendelea kutoka Mombasa, Unguja na Dar es Salaam.

Kisha uhuru, na wazo lenye haki kabisa: nchi inayolima pamba ifume yenyewe. Mwaka uliofuata Azimio la Arusha, 1968, kiwanda cha Urafiki kilifunguliwa Ubungo, Dar es Salaam, kwa msaada wa China. Kilikuwa na kila hatua chini ya paa moja: kusokota, kufuma, kupaka rangi, kuchapa. Mwanza wakapata Mwatex, na miaka ya 1970 Eldoret wakapata Rivatex. Sasa pamba ya Usukuma iliweza kuwa kanga bila kuvuka bahari. Kanga na vitenge vya Urafiki vilipendwa. Viliandikwa kwa lugha ya nyumbani na watu wa nyumbani, na mchoraji aliweza kupanda basi kwenda Kariakoo kuona kazi yake imepokewaje.

Lakini kiwanda cha umma hakikuishi kwa kusikiliza Kariakoo peke yake. Kiliishi kwa mgao wa fedha za kigeni, kwa rangi na vipuri kutoka nje, kwa umeme na kwa bei iliyopangwa. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, mwanzoni mwa miaka ya 1980, vyote hivyo vilikosekana kwa pamoja. Mashine zilisimama nusu. Watu walipanga foleni kwenye maduka ya ushirika, na kilicholetwa ndicho kilichochukuliwa, rangi yoyote, jina lolote. Mnunuzi aliyemtetemesha Mholanzi kwa kukataa rangi alikuwa amenyang'anywa uwezo wa kukataa. Hili, kwa maoni yangu, liliviumiza viwanda vyetu kuliko ushindani wowote, kwa sababu kiwanda kisichokataliwa hakijui kinachokosea.

Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa, na mitumba ikaingia. Kenya ilifuata njia hiyo kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Robota la kilo 45 hufika limekazwa kwa mikanda, na mwenye kulinunua hajui kwa hakika kilichomo mpaka alifungue. Gikomba, Nairobi, siku ya kufungua ni siku ya mbio: zile nguo bora zinazochomolewa kwanza huitwa kamera, na zina wateja wanaosubiri palepale. Karume, Dar es Salaam, mafundi cherehani wamekaa kando ya wauzaji, wakipunguza viuno vya suruali zilizoshonewa watu wanene wa ng'ambo. Macho ya mnunuzi ni makali kama zamani. Anageuza kola, anakagua mshono wa kwapa, anasoma lebo.

Tofauti iko baada ya hapo. Mwagizaji wa mitumba anaweza kumwambia mwenye ghala la kuchambua, awe Canada au Dubai, asimletee makoti ya baridi kali. Neno lake linafika hapo, halivuki. Mbunifu aliyeichora suruali ile hakumfikiria mtu wa Karume, na hata Karume yote ikiikataa, hatapata habari. Ikiipenda, pia hatapata habari. Kwa mara ya kwanza katika historia hii, watu wa Afrika Mashariki wanavaa nguo ambazo hawakuwa na sauti yoyote katika kutengenezwa kwake.

Viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walijaribu kulikabili jambo hilo. Mwaka 2016 walikubaliana kuiondoa mitumba hatua kwa hatua hadi 2019. Rwanda ilichukua hatua mapema, ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikajibu kwa kutishia kuziondoa nchi hizo kwenye mpango wa AGOA, ulioruhusu bidhaa za Afrika kuingia kwake bila ushuru. Kenya, ambayo viwanda vyake vya Athi River hushona mavazi kwa ajili ya maduka ya Marekani, ilirudi nyuma. Tanzania na Uganda nazo zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa upande wa nguo. Tazama jinsi mambo yalivyopinduka: mfanyakazi wa Athi River anashona jinzi mpya kwa vipimo vilivyoletwa kutoka Marekani, pamoja na uzi, kifungo na rangi vilivyoamuliwa na mnunuzi wa huko, kisha Jumamosi anakwenda Gikomba kutafuta jinzi aliyokwisha kuivaa mnunuzi huyohuyo.

Kanga haijaingia katika mkumbo huo. Hakuna anayeleta kanga za mtumba kutoka ng'ambo, kwa kuwa ng'ambo wanaozivaa ni wachache. Nyingi sasa huchapwa India, hasa Jetpur katika jimbo la Gujarat, na nyingine Dar es Salaam, na wenye maduka ya Mtaa wa Biashara wa Mombasa na Mtaa wa Uhuru wa Dar es Salaam bado ndio wanaopeleka michoro na majina. Mama anayenunua huikunjua doti, huisugua kati ya vidole ajue kama ni pamba tupu, huinyanyua kwenye mwanga aone wepesi wake, kisha husoma jina kimoyomoyo akimfikiria atakayempelekea. Akiirudisha mezani, mwenye duka huuliza kasoro ni nini, na kesho yake jibu linakwenda Jetpur kwa simu. Doti zilizopita mtihani huo husafiri tena, ndani ya masanduku ya jamaa, mpaka Maskati, ambako familia zilizotoka Unguja bado huzivaa nyumbani, na mpaka London na Toronto.

Pamba nyingi ya Tanzania wakati huohuo inaondoka Mwanza na Shinyanga ikiwa robota za nyuzinyuzi ghafi, haijasokotwa. Wanaotaka kuijengea viwanda upya wamezungumza sana juu ya mashine, umeme na ushuru, na vyote vinahitajika. Mtaa wa Uhuru uko kilomita chache kutoka Ubungo, na wanawake wanaosimama mbele ya meza zake wanajua kuhusu kitambaa mambo ambayo Salem, Bombay, Helmond na Osaka zililipa fedha nyingi kuyajua. Kiwanda kitakachojengwa kinaweza kuanzia kwao.